Matairi Mapana kwa Rimu Zilezile: Namna ya Kuchagua Bila Kubahatisha

Matairi yamekwisha, gari liko juu ya jeki, na muuzaji anakuambia saizi yako leo haipo. Anayo mapana kidogo, bei karibu ileile, na anakuhakikishia kwamba yataingia kwenye rimu zako. Au pengine ni wewe mwenyewe unayeyataka, kwa sababu umechoka kuliona gari lako limesimama juu ya mpira mwembamba. Vyovyote iwavyo, uamuzi unaoufanya hapo kwa dakika kumi utakaa nao miaka kadhaa, katika kila breki utakayoshika na kila kona utakayokata.

Mashine ya kupachika ina nguvu ya kuliingiza hata tairi lisilostahili kuwa kwenye rimu hiyo, kwa hiyo kuingia kwake hakuthibitishi kitu. Kinachoamua ni rimu uliyo nayo, na upana wake unapimika. Mwongozo huu ni wa mtu anayebaki na rimu zake za kiwandani na kubadilisha mpira tu. Mfano mkuu nitakaoutumia ni 195/65R15, kwa kuwa ni saizi iliyotoka kiwandani na Toyota Wish nyingi, Corolla nyingi za kati ya 2007 na 2013, na Prius nyingi za kuanzia 2009, mara nyingi juu ya rimu ya inchi 15 yenye upana wa 6J. Gari lako likiwa jingine, hatua ni zilezile. Utabadilisha namba tu.

Hatua ya kwanza: Jua unachokitafuta

Upana wa tairi unasifiwa kwa mambo mengi ambayo si yake. Wengi wanaoomba matairi mapana wanachotaka hasa ni gari lipande juu, lisikwaruze chini kwenye matuta. Upana hauinui gari hata milimita moja. Kinachoinua ni kimo cha ubavu wa tairi, yaani ule mpira kati ya rimu na lami, na kimo hicho kina hesabu yake tutakayoifikia.

Wengine wanaamini tairi pana linagusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, na hivyo linashika zaidi. Eneo linalogusa lami hutegemea zaidi uzito ulio juu ya gurudumu na upepo ulio ndani ya tairi. Ukiviacha viwili hivyo kama vilivyo ukaongeza upana, eneo hilo halikui sana. Linabadilika umbo: linapanuka kutoka upande hadi upande na kufupika kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye lami kavu umbo hilo lina faida ya kweli. Gari linaitika mapema unapogeuza usukani na halilegei sana kwenye kona, na dereva wa masafa marefu huhisi tofauti hiyo siku ya kwanza.

Mvua ikinyesha, hesabu inageuka. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, kwa hiyo huanza kuelea juu ya maji kwa mwendo mdogo kuliko tairi jembamba lenye kashata za kina kilekile. Kwa anayesafiri wakati wa masika, hilo si jambo dogo. Kwenye tope laini lililolala juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hulikata tope likafika chini penye kushika, na pana hubaki likiteleza juu juu. Mchangani upana unasaidia, lakini hata huko kupunguza upepo kunasaidia kuliko kuongeza milimita kumi za mpira.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hatakutajia. Kwenye barabara kuu zinazobeba malori mengi, kama ile ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, lami hubonyea mahali magurudumu ya malori yanapopita, ikaacha mifereji miwili. Tairi pana hupenda kufuata kingo za mifereji hiyo. Usukani unavutwa kushoto, kisha kulia, na mikono haipumziki. Ongeza hapo usukani kuwa mzito kidogo na mafuta kutumika zaidi kidogo. Kwa injini ndogo, ya lita 1.0 au 1.3, tofauti hiyo inaonekana mlimani.

Kwa mtazamo wangu, sababu nzuri za kwenda kwenye tairi pana ni mbili. Ya kwanza ni kwamba unaendesha zaidi kwenye lami, safari ndefu, na unataka gari litulie zaidi kwenye kona. Ya pili ni kwamba saizi ya kiwandani imekuwa adimu au ghali mahali ulipo, na ile inayoifuata ipo tele. Ikiwa shida yako ni gari kugonga chini, mzigo mzito au njia ya tope, upana si dawa yake, na ni bora ujue hivyo kabla ya kulipa.

Hatua ya pili: Soma lebo ya mlangoni

Usichukulie kuwa matairi yaliyopo kwenye gari ndiyo ya kiwandani. Gari la mtumba limeshapita mikononi mwa watu, na mmoja wao huenda alibadilisha saizi bila kumwambia yeyote. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango au ukingo wa mlango wenyewe. Utakuta lebo yenye saizi ya tairi na kiwango cha upepo. Magari yaliyotumika Japani huwa na lebo ya Kijapani, lakini namba zinasomeka: 220 kPa, kwa mfano, ni takriban psi 32.

Lebo nyingine huorodhesha saizi mbili kwa sababu modeli hiyo iliuzwa na rimu za aina mbili. Ukiona humo saizi pana zaidi yenye kipenyo kilekile cha rimu, kiwanda kimeshakufanyia sehemu kubwa ya kazi. Hata hivyo, fanya hatua ya nne kabla ya kufurahi, kwa kuwa saizi hiyo huenda iliwekwa kwa rimu yenye upana tofauti na ya kwako.

Andika saizi na upepo kwenye karatasi, au zipige picha. Utazihitaji dukani.

Hatua ya tatu: Elewa maandishi ya ubavuni

Kwenye 195/65R15 91H, 195 ni upana wa tairi kwa milimita, unaopimwa kutoka ubavu hadi ubavu, si sehemu inayokanyaga lami peke yake. 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo. R ni muundo wa radia, ambao ndio wa karibu matairi yote ya magari madogo leo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni namba ya uzito na H ni herufi ya mwendo.

Wengi hujikwaa kwenye ile 65. Kwa kuwa ni asilimia ya upana, ukiongeza upana bila kuigusa, ubavu nao unapanda. Tairi la 205/65 ni pana kuliko la 195/65, na pia ni refu kwenda juu.

Hatua ya nne: Pima rimu

Hapa ndipo nawasihi watu watulie, kwa sababu ndipo wengi wanaporuka.

Kila saizi ya tairi imepangiwa rimu inazoweza kukalia, kuanzia upana fulani hadi upana fulani. Ukiliweka tairi pana kwenye rimu nyembamba kupita kiasi, midomo ya tairi inabanwa pamoja, mbavu zinavimba nje, na uso unaokanyaga lami unajikunja ukawa wa mviringo. Matokeo yake, sehemu ya katikati ndiyo inayobeba gari na kulika mapema, wakati kashata za pembeni bado mpya. Tairi linayumba juu ya rimu kwenye kona, usukani unachelewa kuitika, na ule upana ulioulipia haugusi hata barabara. Nimeona matairi yaliyokwisha katikati namna hiyo yakilaumiwa kuwa ni feki, kumbe mpira haukuwa na kosa lolote.

Upana wa rimu umeandikwa kwenye rimu yenyewe. Kwenye rimu ya chuma, tafuta maandishi yaliyogongwa karibu na tundu la valvu au karibu na matundu ya nati. Kwenye rimu ya aloi, mara nyingi yako upande wa nyuma, kwenye mgongo wa mikono ya rimu, na itabidi gurudumu lifunguliwe na kupanguswa. Unatafuta kitu kama 15x6J. Ile 15 ni kipenyo, 6 ni upana kwa inchi, na J ni umbo la ukingo unaoshika mdomo wa tairi. Karibu nayo huenda ukaona ET na namba. Hiyo inahusu jinsi rimu inavyokaa ndani au nje, na kwa kuwa hubadilishi rimu, haikusumbui.

Maandishi yakiwa yamefutika, pima. Subiri fundi alitoe tairi la zamani, kisha uweke rula ndani, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, pale mdomo wa tairi unapoegemea. Milimita 127 ni 5J, 140 ni 5.5J, 152 ni 6J, 165 ni 6.5J. Usipime kutoka nje hadi nje, maana unene wa kingo unaongeza karibu inchi moja na utajidanganya kuwa una rimu pana.

Ukishajua upana, linganisha na viwango hivi vya saizi zinazopatikana sana:

175/65R14: rimu ya 5J hadi 6J
185/60R14 na 185/65R14: 5J hadi 6.5J
195/60R14: 5.5J hadi 7J
195/65R15: 5.5J hadi 7J
205/60R15 na 205/65R15: 5.5J hadi 7.5J
215/60R15: 6J hadi 8J

Kwa saizi isiyokuwemo, angalia katalogi ya kiwanda cha tairi. Kila kiwanda makini hutoa jedwali hilo, na duka linalojua kazi yake halitashangaa ukiliomba.

Usiridhike na kuwa ndani ya mipaka tu. Tairi linakaa vizuri zaidi karibu na rimu iliyotumiwa kulipimia kiwandani, na kwa 205/60R15 na 205/65R15 rimu hiyo ni 6J. Ndiyo maana mwenye Wish au Corolla ya 6J anaweza kupanda kutoka 195 hadi 205 bila wasiwasi wa rimu. Akitaka 215/60R15, rimu yake inakubalika, lakini yuko kwenye ukomo wa chini kabisa, na mimi ningemshauri aache. Honda Fit ya kizazi cha kwanza, iliyotoka na 175/65R14 kwenye rimu ya 5.5J, inaingia vizuri kwenye 185. Kwenye 195 inakuwa pembeni kabisa mwa kiwango. Kwa magari mengi, kupanda hatua moja, yaani milimita kumi, ndiyo nafasi yote ambayo rimu ya kiwandani inakupa. Anayetaka zaidi ya hapo anunue rimu pana kwanza.

Kuna jambo moja zaidi: upana ulioandikwa ubavuni ni wa tairi lililofungwa kwenye rimu yake ya kupimia. Rimu ikiwa nyembamba kwa nusu inchi, tairi linasinyaa kwa takriban milimita 5. Kwa hiyo anayelazimisha tairi pana kwenye rimu nyembamba anapoteza sehemu ya upana huohuo alioukimbilia.

Hatua ya tano: Piga hesabu ya kimo

Hesabu yenyewe inafanyika kwenye simu. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu upate kimo cha ubavu mmoja, zidisha kwa 2, kisha ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita, yaani inchi mara 25.4, upate kimo cha tairi zima.

Kwa 195/65R15: 195 mara 0.65 ni 126.75, mara 2 ni 253.5, ukijumlisha 381 ya rimu unapata milimita 634.5.

Kwa 205/60R15: 246 na 381 ni 627. Limepungua kwa milimita 7.5, kama asilimia 1.2.

Kwa 205/65R15: 266.5 na 381 ni 647.5. Limeongezeka kwa milimita 13, kama asilimia 2.

Gari hupanda au kushuka kwa nusu ya tofauti hiyo. Ukichagua 205/60 unashuka chini kwa karibu milimita 4; ukichagua 205/65 unapanda milimita 6.5. Anayetafuta tairi pana ili asigonge matuta, akauziwa 205/60, ameliteremsha gari lake mwenyewe.

Kimo hicho pia kinagusa spidomita. Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na gari halijui hilo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita inakataza kifaa hicho kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi, lakini inaruhusu kionyeshe zaidi, hadi asilimia 10 na kilomita 4 kwa saa juu yake. Kwa hiyo magari mengi hutoka kiwandani yakionyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko ukweli, na ongezeko la asilimia 2 mara nyingi humezwa na nafasi hiyo. Usilichukulie kama zawadi. Baada ya kufunga matairi, mwache abiria ashike simu yenye programu ya kupima mwendo kwa setilaiti, ulinganishe kwenye barabara iliyonyooka. Kumbuka pia kuwa kilomita 10,000 zitakazoandikwa na gari lenye tairi lililozidi asilimia 2 ni kilomita 10,200 za kweli, na oili ya injini inahesabu zile za kweli.

Mimi hujizuia ndani ya asilimia 2, kupanda au kushuka. Wapo wanaokwenda hadi 3. Zaidi ya hapo, kisanduku cha gia, breki na mifumo ya kuzuia magurudumu kujifunga inafanya kazi na kipimo ambacho haikuundiwa.

Hatua ya sita: Usishushe namba ya uzito

Namba ya 91 inamaanisha tairi moja linaweza kubeba kilo 615. 82 ni kilo 475, 86 ni 530, 88 ni 560, 94 ni 670. Tairi jipya lisiwe na namba ndogo kuliko ya lebo. Kwenye mfano wetu, 205/60R15 huwa na 91, sawa na la mwanzo, na 205/65R15 huwa na 94. Usidhani kuwa upana peke yake unabeba mzigo. Hewa iliyomo ndani ndiyo inayobeba, na tairi pana lenye ubavu mfupi huenda lina hewa kidogo kuliko unavyofikiri.

Kwa magari ya biashara hatua hii ni ya kufa na kupona. Hiace nyingi za kuanzia 2004 zilitoka na 195/80R15 yenye alama LT, yaani ya magari ya mizigo, na namba 107/105. Ile 107 ni kilo 975 kwa tairi likiwa moja kila upande, 105 ni pale yanapokuwa mawili mawili. Mtu akiiondolea Hiace matairi hayo akaweka 205/65R15 94 ya gari dogo kwa sababu ni mapana na yana sura nzuri, amepunguza uwezo wa kila gurudumu kwa zaidi ya kilo 300, na gari hilo litajazwa abiria jioni hiyohiyo. Tairi linalobebeshwa kupita uwezo wake linapata joto ndani ya mbavu, na kwa jua letu na safari zetu ndefu, joto hilo humaliza kazi. Probox za mizigo nazo zina matairi ya LT kwa sababu hiyohiyo. Tafadhali usicheze na namba hii.

Herufi ya mwendo ni rahisi zaidi: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Chukua ileile ya lebo au ya juu yake.

Hatua ya saba: Tafuta nafasi ndani ya fenda

Kwa kuwa rimu ni ileile, milimita 10 za upana zinagawanyika nusu kwa nusu: 5 kwenda ndani kuelekea shokapu, 5 kwenda nje kuelekea fenda. Juu ya hapo ongeza nusu ya tofauti ya kimo uliyoipata kwenye hesabu.

Pima gari likiwa sehemu tambarare. Kata usukani wote kushoto, chungulia, kisha wote kulia. Mahali pa kutazama ni kati ya tairi na shokapu pamoja na kikombe cha springi, kati ya tairi na plastiki ya ndani ya fenda, na pembe ya chini ya fenda inapokutana na bampa la mbele. Chukua kadibodi, ikunje mara kadhaa mpaka ikae kwa kubana katika nafasi iliyopo, kisha itoe uipime unene kwa rula. Baada ya kutoa zile milimita za tairi jipya, upana wa kidole unatakiwa ubaki. Ukibaki chini ya hapo, bakia na saizi ya kiwandani.

Kuna mtego hapa: unapima na matairi yaliyokwisha. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya kina cha takriban milimita 8, na kipara kinaweza kuwa kimebaki na 2. Tofauti hiyo ya milimita 6 ni kimo ambacho kitarudi utakapofunga mapya, hata kama usingebadilisha saizi. Iongeze kwenye hesabu.

Nyuma, pima gari likiwa na watu ndani. Noah au Wish ikijaa, mkia unashuka, na tairi lililokuwa na nafasi tele gari likiwa tupu linaanza kula ukingo wa fenda kwenye kila tuta.

Ikiwa fundi atapendekeza kukunja ukingo wa fenda, kukata plastiki au kuweka vipande vya chuma vya kusogeza gurudumu nje, mshukuru na uchague saizi nyingine.

Hatua ya nane: Dukani

Tafuta kwenye ubavu neno DOT na mwisho wake namba nne. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa ghalani au juani miaka mitano si jipya, hata kama bado lina vinyweleo vyake vya mpira.

Kwa matairi ya mtumba kutoka Japani, soma kama pameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji: mpira wake ni laini sana na kashata zake zimechanjwa mistari midogo midogo ya karibu karibu. Mara nyingi yanaonekana mapya, mapana, na bei yake inavutia. Kwenye joto letu yanalika haraka na gari linayumba kana kwamba tairi halina upepo. Yaache.

Kwenye matairi mengi kuna pia daraja la kuhimili joto, A, B au C. Chukua A, au B kama A haipo.

Nunua manne. Kuweka mapana mbele na membamba nyuma, au kinyume chake, kunabadilisha tabia ya gari kwenye breki na kona za mvua, na hakuna dereva anayejua limebadilika vipi mpaka siku ya dharura. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, kama Subaru Forester na RAV4 nyingi, manne ni lazima: vipenyo vikitofautiana, difu na vifaa vya kugawa nguvu vinazunguka kwa kupishana muda wote, vinapata joto, na matengenezo yake yatapita bei ya matairi.

Hatua ya tisa: Kufunga na wiki za mwanzo

Midomo ya tairi ipakwe sabuni ya kupachikia au maji ya sabuni, kamwe si grisi wala dizeli. Valvu ziwe mpya. Wakati wa kukaza mdomo kwenye rimu, upepo usizidi psi 40. Ukisikia fundi anapandisha zaidi kwa sababu tairi linagoma kukaa, sogea mbali na umwambie aushushe upepo, aanze upya na sabuni zaidi. Kisha balansi kwa magurudumu yote.

Nati zianze kufungwa kwa mkono, halafu kwa mpangilio wa kukingamana, na zimaliziwe kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni Nm 103. Mashine ya upepo ikiachiwa imalize kazi peke yake, inakaza kupita kiasi, na siku ya pancha njiani hutazifungua. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zikaguliwe tena.

Anza na upepo wa lebo, ukipimwa asubuhi matairi yakiwa baridi. Kisha fanya jaribio la chaki: chora mstari mnene kuvuka uso wa kila tairi, kutoka bega hadi bega, na uendeshe mita mia chache kwenye lami kavu iliyonyooka. Chaki ikifutika katikati ikabaki pembeni, upepo ni mwingi, au rimu ni nyembamba kuliko ulivyodhani. Ikifutika pembeni ikabaki katikati, ongeza. Rekebisha psi moja au mbili kwa wakati mmoja, na usishuke chini ya kiwango cha lebo kwa sababu tu gari linakuwa laini.

Baada ya wiki, na hasa baada ya safari ya mzigo, piga tochi ndani ya fenda. Plastiki iliyoguswa na tairi huwa na mkwaruzo unaong'aa, mweusi na laini, katikati ya vumbi. Kwenye shokapu utaona mahali tope lilipofutwa kwa duara safi. Alama ya namna hiyo mbele unapokata usukani hadi mwisho huvumilika kwa muda mfupi mpaka ubadilishe; alama yoyote kwenye shokapu, kwenye bomba la breki au kwenye ubavu wa tairi wenyewe ina maana gari lisimame. Kama usukani unavuta upande mmoja kwenye barabara iliyo sawa, nenda alaimenti kabla kashata hazijaanza kulika upande.

Lililobaki ni tairi la akiba, ambalo karibu kila mtu hulisahau. Likiwa bado la 195/65R15 na manne yako ni ya 205, kwa gari linalovuta mbele au nyuma tu litakufikisha kwa fundi wa pancha, ukienda polepole. Kwa gari linalovuta yote manne, nunua la tano siku hiyohiyo unaponunua manne, na uliweke na upepo wa kutosha.